Boti inayozima baada ya dakika 20: sikiliza tangi kabla ya kufungua pampu

Msomaji anayesafirisha wavuvi na mizigo katika Bwawa la Mtera ameandika hivi: "Shikamoo fundi. Nina boti ya mbao yenye mashine ya dizeli ya silinda mbili, nguvu za farasi 20, imefungwa ndani. Tangi ni la bati la chuma, lita 40, liko chini ya sakafu, chini kuliko mashine. Kila asubuhi nalijaza hadi mdomoni kwa sababu safari ni ndefu. Mashine inawaka vizuri, inakwenda dakika 20 au 25, kisha mwendo unapanda na kushuka, nguvu zinaisha, inazima. Nikikaa robo saa inawaka tena. Nimebadilisha filta mara mbili, hakuna nafuu. Fundi mmoja anasema pampu ya nozeli imekufa, ifunguliwe ipelekwe Dodoma mjini. Mwingine anasema ni hewa nyembamba ya huku kwetu. Halafu jioni nikirudi huwa haisumbui sana. Nifanye nini?"

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa kuelea katikati ya maji huku abiria wakikutazama. Nianze na uamuzi unaokukabili wiki hii: pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwa nguvu hadi kwenye nozeli zinazoipuliza ndani ya silinda, usiifungue bado. Pampu iliyochakaa husumbua zaidi inapokuwa ya moto, kwa sababu dizeli ikipata moto huwa nyepesi na kuvuja ndani ya pampu yenyewe badala ya kwenda kwenye nozeli. Kama ugonjwa ungekuwa hapo, jioni, baada ya mashine kufanya kazi kutwa nzima, ndiyo ungekuwa wakati mbaya kuliko wote, na asubuhi ingekuwa na nafuu. Mashine yako inafanya kinyume kabisa.

Suala la hewa nyembamba halihitaji maneno mengi. Bwawa la Mtera likijaa, uso wake huwa mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho mgandamizo wa hewa umepungua kwa asilimia 8 hivi ukilinganisha na pwani. Mashine isiyo na turbo itapoteza nguvu kidogo, lakini itaipoteza tangu dakika ya kwanza, haitasubiri ya 20. Isitoshe, malori ya dizeli yanapita juu ya ukuta wa bwawa hilohilo kila siku yakielekea Iringa, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na hayazimi njiani kwa sababu ya hewa.

Lililonishika katika barua yako ni ile sentensi uliyoiweka mwishoni kana kwamba haina uzito, kwamba jioni mashine haisumbui sana. Asubuhi na jioni vinatofautiana kwa jambo moja ambalo umelieleza mwenyewe: asubuhi tangi limejaa hadi mdomoni, jioni limebaki nusu au chini ya hapo. Hebu tupige hesabu ndogo. Tangi la lita 40 lililojazwa hadi mdomoni tuseme limeachiwa nafasi ya hewa ya lita 3. Mashine ya farasi 20 ikifanya kazi ya wastani hunywa kama lita 3 hadi 4 kwa saa, kwa hiyo katika dakika 20 imeondoa tangini lita moja na robo hivi. Kwa kawaida hewa ya nje huingia kupitia bomba la kupumulia na kujaza nafasi ya dizeli iliyoondoka. Bomba hilo likiwa limeziba, zile lita 3 za hewa zinalazimika kutanda katika nafasi ya lita 4 na robo, na mgandamizo ndani ya tangi unashuka hadi asilimia 70 ya ule wa nje. Sasa pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka chini inavutana na tangi lenyewe. Zaidi ya hapo, dizeli iliyo katika hali hiyo huanza kutoa hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake, kama soda inavyofanya ukiifungua, na viputo vyake ndivyo vinavyofanya mwendo upande na kushuka kabla ya mashine kuzima.

Jioni hesabu inabadilika. Tangi likiwa nusu, lita ileile moja na robo inaondoka katika nafasi yenye lita 20 za hewa, mgandamizo unashuka kwa asilimia 6 tu, na pampu haihisi kitu. Hata ile robo saa ya kupumzika inaeleweka: hewa inapenya polepole kwenye gasketi ya mfuniko, tangi linarudi katika hali yake, na wewe unaona kama mashine imepona. Nadhani pia, ingawa hukusema, kwamba kila inapozima na kuwaka tena safari inayofuata inakuwa ndefu kidogo kuliko iliyotangulia.

Kipimo chake hakina gharama. Jaza tangi kama kawaida, fanya jaribio karibu na ufuko, siku isiyo na mawimbi, ukiwa na kasia na nanga ndani ya boti. Mashine ikianza kuyumba, usiguse filta wala skrubu yoyote. Nenda kwenye mfuniko wa tangi, sogeza sikio, ufungue taratibu. Ukisikia hewa ikivutwa kuingia ndani, na mashine ikarudia mwendo wake bila wewe kufanya kingine, umemaliza kazi. Rudia siku ya pili mfuniko ukiwa umelegezwa tangu mwanzo, ili uwe na hakika kwamba haikutokea kwa bahati, lakini usiufanye mfuniko uliolegea kuwa ndiyo matengenezo, kwa sababu maji yatakayorushwa na mawimbi yataingia humo na kukuletea shida iliyo mbaya kuliko hii.

Kisha tafuta bomba la kupumulia linapotokea. Mara nyingi utakuta mambo madogo ya kuchekesha. Dondola hupenda sana tundu la ukubwa huo na hulijaza udongo kwa siku chache. Wengine huchomeka kitambaa ili vumbi la kiangazi lisiingie, wengine hupaka boti rangi na kuziba tundu bila kujua, na mara nyingine mpira wa bomba umekunjika chini ya ubao. Mimi mwenyewe sina haki ya kumcheka mtu. Miaka ya nyuma niliitwa katika kijiji kimoja huko Kongwa kwenye mashine ya kusaga iliyokuwa ikizima kila baada ya nusu saa. Nilibadilisha nozeli zote, nikatoza fedha, nikaondoka, na kesho yake nikaitwa tena. Kumbe mfuniko wa tangi ulikuwa umepotea, wakanunua mwingine usio na tundu, wakaukaza kwa nguvu zote. Mwenye mashine alikuwa amenieleza habari za mfuniko mpya tangu siku ya kwanza, nami sikumsikiliza kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba ni nozeli.

Ukiamua kuweka bomba jipya la kupumulia, tundu lake la ndani lisiwe chini ya milimita 12, lipande juu kuliko ukingo wa boti unapopigwa na maji, kisha mdomo wake ugeuzwe kutazama chini kama shingo ya bata, na mdomoni pafungwe wavu laini wa shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu. Wavu huo utamzuia dondola bila kuizuia hewa.

Sasa, mimi sijaiona boti yako, na hesabu nzuri inaweza kumdanganya aliyeipiga. Ikiwa umefungua mfuniko na hakuna hewa iliyovutwa, endelea nami.

Kwanza hakikisha kwamba kinachopungua ni mafuta kweli. Tazama moshi wakati nguvu zinapoanza kuisha. Mashine inayokosa dizeli hudhoofika bila moshi mweusi, maana hakuna cha kuunguza. Hupanda na kushuka, pengine ikatoa moshi mweupe kidogo, kisha huzima. Ikidhoofika huku ikitoa moshi mweusi mzito, dizeli ipo ya kutosha na kazi ndiyo imezidi: nyavu zimejifunga kwenye rafadha, yaani panga linalosukuma boti, au tawi la ile miti mikavu iliyozama tangu bwawa lilipojazwa limekwama hapo, au chujio la hewa limejaa vumbi. Mtera ina nyavu nyingi na miti mingi, kwa hiyo usiyapuuze haya, ila hayaponi kwa kukaa robo saa.

Pili, ujue kwamba njia ya dizeli ina sehemu mbili zenye tabia tofauti. Kutoka tangini hadi pampu ndogo ya kuvuta, ile yenye kiwambo cha mpira inayosukumwa na mashine, mabomba yanavuta. Kutoka hapo kwenda kwenye filta ya mashine, pampu ya nozeli na nozeli zenyewe, mabomba yanasukuma. Sehemu inayosukuma ikiwa na ufa, dizeli hutoka nje, unaiona na unainusa. Sehemu inayovuta ikiwa na ufa, mashine inapofanya kazi hakuna kinachotoka. Hewa ndiyo inayoingia. Ndiyo sababu mtu anaweza kupitisha kitambaa kikavu kwenye kila maungio, akakitoa kikiwa kikavu vilevile, akaapa kwamba bomba lake ni zima, wakati mashine inameza hewa. Kwa kuwa tangi lako liko chini kuliko mashine, sehemu yako inayovuta ni ndefu, na ndipo ninapoweka shaka ya pili baada ya bomba la kupumulia.

Kipimo ninachokipenda kuliko vingine vyote ni cha dumu. Chukua dumu safi la lita 5, tia dizeli uliyoichuja, liweke juu kidogo ya mashine na ulifunge lisianguke. Ondoa bomba linaloingia kwenye pampu ndogo na mahali pake unganisha mpira mwangavu kutoka kwenye dumu. Ule mpira ambao mafundi ujenzi hupimia lavo ya maji unafaa kabisa kwa kazi ya saa moja, japokuwa dizeli huukakamaza baadaye, hivyo usiuache humo. Bomba la kurudisha dizeli nalo lielekeze kwenye dumu, la sivyo utajaza tangi huku dumu likikauka. Mdomo wa dumu usikazwe. Toa upepo, yaani hewa iliyobaki kwenye mabomba (namna yake nitaieleza chini), washa, nenda mwendo wako wa kawaida kwa muda mrefu kuliko ule ambao mashine huwa inazima, nusu saa au zaidi. Ikienda bila kuyumba, umeshajua kwamba filta ya mashine, pampu ya nozeli na nozeli hazina hatia, na ugonjwa uko nyuma ya mahali ulipokata: tangi, bomba la kuvutia, koki, chujio la kutenganisha maji au maungio yake, au pengine pampu ndogo yenyewe imechoka kuvuta, maana dumu lililo juu huisaidia. Ikizima vilevile, ugonjwa uko mbele. Kwa jaribio moja umeigawa njia nzima mara mbili, na hujafungua kitu cha gharama.

Tuseme imekwenda vizuri kwa dumu. Rudisha bomba la zamani, lakini acha kipande cha ule mpira mwangavu, kama urefu wa kiganja, kabla ya pampu ndogo, uwe kama dirisha. Viputo vikipita humo mfululizo, hewa inaingia mahali. Hamisha dirisha hilo kurudi nyuma, hatua kwa hatua, hadi viputo vitoweke. Maungio uliyoyaruka mwisho ndiyo yenye kosa. Anza kukagua yale uliyoyagusa mwenyewe ulipobadilisha filta. Nimekuta si mara moja oringi, ile pete ya mpira, ya zamani imebaki imeng'ang'ania juu, na mpya ikawekwa chini yake, zikakaa mbili, na filta iliyo upande unaovuta ikaonekana imekazwa vizuri huku ikivuta hewa. Washa za shaba kwenye bolti za mabomba nazo hukakamaa zikishatumika. Badilisha, au kama duka liko mbali zipashe moto hadi ziwe nyekundu na uzitumbukize kwenye maji, zitalainika tena. Mpira wa bomba ukate sentimita mbili mwishoni na uubane upya, maana hapo ndipo unapopasuka kwa ndani.

Dirisha lisipoonyesha viputo, lakini dizeli ikaonekana kupita kwa shida, basi hewa haiingii, kuna kizuizi. Ziko namna mbili za kizuizi zinazofanana sana na hali yako, na zote mbili huachia mashine ikizima. Moja ni mpira wa bomba usio wa dizeli. Mpira wa maji huvimba ukikaa na dizeli, ngozi yake ya ndani huambuka, na ukipata joto huku unavutwa, hujibana wenyewe. Kwa nje utauona mzima. Uminye kwa vidole mashine ikiwa ya moto. Ukiwa laini kama soseji, utupe.

Nyingine ni uchafu ndani ya tangi, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndipo boti nyingi za bwawani zinapougulia. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo kila tone linaloingia hukaa chini ya tangi. Mahali maji na dizeli vinapokutana huota vijidudu, bakteria na kuvu, ambao hula dizeli na kutengeneza utando mweusi wa kuteleza kama matope ya mtaro. Joto huwafurahisha. Boti ikitulia utando umelala. Ukianza safari mawimbi yanaukoroga, kipande kinavutwa hadi mdomo wa bomba na kukwama hapo kama jani kwenye tundu la sinki. Mashine ikizima mvuto unakwisha, kipande kinaanguka, na baada ya muda inawaka. Tofauti na bomba la kupumulia ni hii: uchafu husumbua zaidi tangi linapokaribia kuisha na siku yenye mawimbi, wala hautoi sauti ya hewa ukifungua mfuniko. Kwa maelezo yako ya asubuhi na jioni, siuweki mbele, lakini filta mbili ulizozitoa zingeweza kutueleza mengi kama hukuzitupa. Moja ukiikata na kuikuta na utando mweusi unaonuka, tangi linahitaji kuoshwa hata kama limeacha kuzimisha mashine.

Maji hayo yanatoka wapi? Vitabu husema kwamba hewa ya tangi hugandamana kuwa umande usiku, na ni kweli, hasa miezi ya baridi ya Juni na Julai ambapo mchana na usiku hupishana sana. Kulala na tangi lililojaa hupunguza jambo hilo. Hata hivyo, kwa macho yangu maji mengi huingia kupitia mlango wa mbele: mfuniko usio na gasketi, na madumu. Dumu la mafuta ya kula lililosuuzwa kwa maji ya bwawa halafu likatiwa dizeli kabla halijakauka linabeba maji ya kutosha kusumbua mashine wiki nzima. Dizeli ya dumu iache itulie usiku kucha, mimina polepole, na kiasi cha vidole viwili cha chini kisiende tangini. Usichuje kwa kipande cha kanga, kwa sababu nyuzi zake huishia kwenye filta. Tumia funeli yenye wavu laini. Nunua pia kwenye kituo chenye mauzo mengi. EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama maalumu ya kutambulisha, katika mafuta mwaka 2010 ili kubaini yaliyochakachuliwa, lakini dizeli inayouzwa kwa chupa pembezoni mwa barabara hakuna anayeipima, na iliyochanganywa mafuta ya taa haiilainishi vizuri pampu ya nozeli, ambayo haina kilainishi kingine zaidi ya dizeli hiyohiyo.

Neno moja kuhusu bati la tangi lako. Kama fundi wa kuchomelea alitumia bati lililopakwa zinki, kama yale ya kuezekea, zinki huingiliana na dizeli na kutengeneza kitu kama sabuni kinachoziba filta na nozeli. Filta ikija imepakwa utando wa kijivujivu usioeleweka, shaka langu lingekwenda hapo. Chuma cheusi kisichopakwa kitu ndani, au plastiki nzito iliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta, ni bora zaidi.

Ikiwa mashine ilizima hata kwa dumu, anza na filta ya mashine, kisha pampu ndogo. Ondoa bomba linalotoka kwenye pampu ndogo, weka chupa chini yake, kisha pampu kwa wenzo wake wa mkono; dizeli itoke kwa mapigo yenye nguvu. Wenzo ukiwa mlegevu bila kuvuta kitu usiihukumu haraka, kwani huenda mashine imesimama mahali ambapo imeshaisukuma pampu hadi mwisho; zungusha mashine mzunguko mmoja ujaribu tena. Chomoa pia kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa imepanda juu ya alama na inanuka dizeli, kiwambo cha pampu kimepasuka na dizeli inamwagikia ndani ya mashine. Hapo usiwashe tena hata kwa safari fupi, maana oili iliyochanganyika na dizeli hailindi beringi.

Kila unapofungua njia ya dizeli ni lazima utoe upepo, na mpangilio wake ni kutoka tangini kwenda mbele. Legeza skrubu iliyo juu ya filta, pampu kwa mkono mpaka itoke dizeli isiyo na povu, kaza. Fanya hivyo kwenye pampu ya nozeli. Mwisho legeza nati za mabomba ya nozeli kwa nusu mzunguko, piga stata mpaka dizeli ichuruzike, kaza. Stata isipigwe zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja, kisha ipumzishwe. Kama mashine yako inapozwa kwa maji ya bwawa yanayotoka pamoja na moshi, funga koki ya maji hayo wakati wa kupiga stata, kwa sababu bila moshi wa kuyasukuma hurudi nyuma na yanaweza kufika kwenye silinda. Ifungue mara tu mashine inapowaka, usiisahau.

Na mkono wako usiuweke mbele ya nozeli wala bomba lake linalovuja mashine ikiwaka. Pampu ndogo hutoa mgandamizo mdogo, chini ya ule wa tairi la baiskeli, lakini nozeli za mashine kama yako kwa kawaida hufunguka kuanzia bari 120 kwenda juu, na dizeli inayotoka kwa nguvu hiyo hupenya ngozi bila kuumiza sana mwanzoni. Tundu linaonekana dogo kama la sindano, kumbe ndani nyama inaharibika. Likitokea, ni hospitali saa hiyohiyo, na umweleze daktari kwamba ni dizeli ya mgandamizo mkubwa, asije akaifunga bandeji akakurudisha nyumbani.

Pampu ya nozeli itakuwa na kesi ya kujibu pale tu mashine itakapozima kwa dumu, pampu ndogo ikitoa mapigo mazuri, filta ikiwa mpya na upepo ukiwa umetolewa. Ukifika hapo, kabla ya kuifungua piga msumari alama moja inayopita kwenye mdomo wa pampu na mwili wa mashine, ili irudishwe mahali pake pale pale, weka kando vipande vyembamba vya bati vinavyokaa chini yake bila kupoteza hata kimoja, kwa sababu ndivyo vinavyopanga muda wa kupuliza dizeli, na funika midomo yote ya mabomba kwa mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa uzi, si kwa kitambaa. Upepo wa barabara ya kuja Dodoma wakati wa kiangazi una vumbi la kutosha kuua pampu ambayo ilikuwa nzima ulipoondoka nyumbani.